Tarakilishi ya mkononi: Ni kumbukumbu kiasi gani inayotosha?

Katika maduka ya simu yaliyopangana kando ya Kenyatta Avenue jijini Nakuru, maandishi yanayotangulia bei kwenye boksi aghalabu ni tarakimu mbili zilizounganishwa kwa alama ya kujumlisha: 4GB+4GB, au 4GB+64GB. Muuzaji huzisoma kwa kasi, sawa na mtu anayetaja sifa za fahali mnadani. Mnunuzi kutoka Molo au Subukia hukubali, hulipa kianzio, na tangu siku hiyo hulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa kwa miezi kadhaa. Ni wachache wanaouliza maana ya tarakimu hizo, ilhali ndizo zitakazoamua iwapo kifaa hicho kitakuwa bado kinafaa kwa kazi siku deni litakapokwisha.

Kifaa chenyewe ni tarakilishi inayoendeshwa na Linux, mwenyewe ajue au asijue. Android, mfumo unaotawala soko la simu za kisasa nchini Kenya, umejengwa juu ya kiini cha Linux, programu ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika jijini Helsinki, Finland, mwaka 1991. Swali la kiasi cha kumbukumbu ambacho tarakilishi ya namna hii inahitaji liliwahi kuwa la mafundi wachache waliopenda kufungua mashine na kuzichunguza. Leo linamhusu mkulima wa viazi wa Kuresoi na mhudumu wa afya ya jamii wa Rongai, kwa kuwa wote wawili wanategemea kifaa cha aina hiyo katika shughuli zao, na wote wawili hawana fedha za kununua kingine kila mwaka.

Meza na kabati

Mkanganyiko huanzia kwenye neno lenyewe. Kumbukumbu ya tarakilishi ni vitu viwili. Cha kwanza ni kumbukumbu ya kazi, ile inayoandikwa RAM kwenye boksi. Hii hushikilia tu yale yanayotendwa wakati huo, na umeme ukikatika yaliyomo hufutika. Cha pili ni hifadhi, ambamo picha, nyimbo, jumbe na programu zenyewe hukaa hata simu ikizimwa. Fundi cherehani ana meza anayokatia kitambaa na kabati la kuwekea majora. Kabati likiwa kubwa na meza ikawa ndogo, atakuwa na vitambaa vingi lakini atashindwa kukata suti. Meza ikiwa kubwa na kabati dogo, atakata vizuri lakini atakosa pa kuweka nguo zilizokamilika.

Kwa hivyo 4GB+64GB ni meza ya gigabaiti 4 na kabati la gigabaiti 64. Lakini 4GB+4GB si meza mbili. Mara nyingi ni meza moja ya gigabaiti 4 na kipande cha kabati kilichotengwa ili kitumiwe kama meza ya dharura. Tofauti hiyo ni kubwa, na maelezo yake yanahitaji kurudi nyuma kidogo katika historia.

Enzi za megabaiti

Linux ilizaliwa katika uhaba. Tarakilishi ambayo Torvalds aliitumia kuiandika ilikuwa na RAM ya megabaiti 4, yaani sehemu moja kwa elfu ya ile inayotangazwa leo kwenye boksi la simu ya bei nafuu. Kabla mwaka huo wa 1991 haujaisha, mtumiaji mmoja wa Ujerumani aliyekuwa na megabaiti 2 pekee alimweleza kwamba mashine yake haikuweza kukiunda kiini hicho. Torvalds aliitumia likizo ya Krismasi kuongeza uwezo wa kuhamishia kwenye diski sehemu za kumbukumbu zisizotumika kwa wakati huo, na kuzirejesha zinapohitajika. Mbinu hiyo ya kuhamisha ndiyo babu wa ile 4GB ya pili inayouzwa Nakuru leo.

Tarakilishi za kwanza za Linux za kushikwa mkononi zilipotokea, zilikuwa na kumbukumbu ya kuchekesha kwa vipimo vya sasa. Agenda VR3 ya mwaka 2001 ilikuwa na RAM ya megabaiti 8 na hifadhi ya megabaiti 16. Kifaa cha iPAQ cha kampuni ya Compaq, ambacho wataalamu walianza kukiwekea Linux mwaka 2000, kilikuwa na megabaiti 32. Nchini India, wasomi wa Bangalore walibuni Simputer, tarakilishi ya mkononi ya Linux iliyokusudiwa wanavijiji wasiojua kusoma, ingawa haikununuliwa kwa wingi uliotarajiwa. Sharp ya Japani nayo iliuza Zaurus SL-5500 kuanzia mwaka 2002 ikiwa na megabaiti 64, na hapo jambo la kuvutia likajitokeza. Megabaiti hizo 64 zilikuwa meza na kabati kwa pamoja. Waliobadilisha mfumo wake walilazimika kuamua ni kiasi gani kiwe cha kazi na kiasi gani cha kuhifadhi: aliyetaka programu nyingi zifunguke kwa pamoja alipoteza nafasi ya faili, na aliyetaka faili nyingi aliona programu zikifa mbele ya macho yake.

Vifaa hivyo vilitosha kwa kalenda, anwani, vitabu vya maandishi na barua pepe fupi. Kilichovunja hesabu ni kurasa za intaneti. Nokia ilipotoa kifaa chake cha 770 Novemba 2005, kikiwa na Linux na RAM ya megabaiti 64, kilisifiwa kwa kioo chake na kulaumiwa kwa uzito wake wa kufungua kurasa. Mwaka uliofuata mfumo wake ulifanyiwa marekebisho ili sehemu ya kadi ya kumbukumbu itumike kusaidia RAM. N800 ya mwaka 2007 ikaja na megabaiti 128. Kisha mwaka 2009 N900 ikauzwa kwa tangazo la hadi gigabaiti 1 ya kumbukumbu ya programu, ambapo megabaiti 256 tu ndizo zilizokuwa RAM halisi na 768 zilizosalia zilikuwa hifadhi iliyogeuzwa. Anayedhani kwamba hesabu za 4GB+4GB ni ujanja wa wachuuzi wa siku hizi hana budi kukumbuka kwamba kampuni kubwa ya Ulaya ilizitumia miaka mingi iliyopita, japo Nokia ilieleza mgawanyo huo bayana.

Kutoka Mbita hadi Eldoret

Kenya haikuwa mtazamaji katika safari hii. Mwaka 2005, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Mbita Point, kando ya Ziwa Victoria, walikuwa wakisoma vitabu vyao vya kiada katika tarakilishi ndogo za Linux zilizoitwa E-slate, katika mradi wa majaribio wa shirika la EduVision. Masomo yalishuka kupitia setilaiti ya redio hadi kwenye kituo kilichowekwa shuleni, na kituo hicho ndicho kilichokuwa na diski ya kuyahifadhi. Vifaa vya watoto vilichota kurasa kutoka hapo bila waya. Kwa lugha ya fundi wetu, kabati liliwekwa ofisini na kila mtoto akapewa meza. Huo ni mpango wa busara palipo na uhaba, lakini una sharti moja: anayeondoka shuleni na kifaa chake huliacha kabati nyuma.

Sharti hilo ndilo lililowasumbua waliofanya kazi nyanjani katika Bonde la Ufa. Mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret, unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulikuwa ukiwatuma washauri nyumba hadi nyumba kupima virusi vya Ukimwi. Mwanzoni walibeba vifaa vya Palm, pamoja na chombo kingine cha kuonyesha mahali walipo. Baadaye wakahamia simu za Android zilizowekwa ODK, programu huria ya kukusanyia takwimu iliyotokana na mradi ulioanzishwa mwaka 2008 na Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington. Mwaka huo huo simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia sokoni Marekani ikiwa na RAM ya megabaiti 192. Fomu ilijazwa mlangoni, ikahifadhiwa ndani ya simu, na ikatumwa baadaye mtandao ulipopatikana. Meza na kabati vilisafiri pamoja na mshauri.

Mkenya wa kawaida alikutana na jambo hili mwaka 2011, Safaricom ilipoleta Huawei IDEOS kwa takriban Sh8,000. Ilikuwa na RAM ya megabaiti 256 na hifadhi ya megabaiti 512, ambayo sehemu yake kubwa ilikaliwa na mfumo wenyewe. Waliokuwa nayo watakumbuka onyo la kwamba nafasi inakaribia kuisha, lililojitokeza baada ya kuweka programu chache tu hata kama kadi ya kumbukumbu ilikuwa tupu. Kwa wengi hilo lilikuwa somo la kwanza kwamba kuongeza kadi si kuongeza kila kitu.

Hesabu ya karani

Ni vyema kuanza na mahitaji madogo kabisa, kwa sababu yanashangaza. Tuseme karani wa kupokea maziwa huko Bahati anawahudumia wafugaji 400 wanaoleta maziwa asubuhi na jioni. Kila upokeaji unahitaji nambari ya mfugaji, tarehe, saa na kilo, jambo linaloweza kuandikwa kwa baiti 100. Hizo ni rekodi 800 kwa siku, 24,000 kwa mwezi, na jumla yake ni megabaiti 2.4. Rekodi za mwaka mzima hazifiki megabaiti 30. Kifaa cha mwaka 2002 kingezibeba.

Ndivyo ilivyo pia kwa sensa. Mnamo Agosti 2019, Kenya iliendesha sensa yake ya kwanza isiyotumia karatasi, makarani wakibeba vishikwambi vya Android vilivyotolewa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Kaunti ya Nakuru ilihesabiwa kuwa na watu 2,162,202. Majibu ya kila mtu yakikadiriwa kuwa kilobaiti 2, watu wote wa kaunti hiyo, kuanzia Naivasha hadi Kuresoi, wangeenea katika gigabaiti 4.3 za hifadhi, yaani kadi moja ndogo kuliko ukucha. Maandishi hayali kumbukumbu. Hata leo, mashine ndogo ya Raspberry Pi Zero 2 W yenye RAM ya megabaiti 512 huendesha Linux kamili, na inaweza kupima joto na unyevu katika kibanda cha maua cha Naivasha mwaka mzima bila kulalamika, mradi isiambiwe ifungue kurasa za intaneti.

Basi gigabaiti huenda wapi?

Huenda kwenye picha, kwanza. Kioo cha simu ya kawaida chenye vitone 720 kwa 1,600 kina vitone 1,152,000, na kila kimoja huchukua baiti 4. Taswira moja ya kioo hicho ni megabaiti 4.6, na mfumo huweka mbili au tatu kwa wakati mmoja ili mwendo uonekane laini. Kwa kuchora kioo tu, simu imetumia zaidi ya RAM yote ya Agenda VR3. Picha iliyopigwa kwa kamera ya megapikseli 12 hubanwa hadi megabaiti 3 au 4 inapowekwa kwenye hifadhi, lakini inapofunguliwa ili itazamwe kikamilifu hukunjuliwa na kuchukua megabaiti 48 za RAM. Mkulima anayepiga picha ya jani la nyanya lenye ugonjwa ili amtumie afisa wa kilimo anaitwika simu yake mzigo mkubwa kuliko rekodi za maziwa za mwaka mzima.

Kisha kuna mfumo wenyewe. Kiini cha Linux bado kina haya. Sehemu kubwa ya RAM humezwa na yaliyorundikwa juu yake, yaani huduma za Android, huduma za Google zinazofanya kazi chinichini, kibodi, programu za jumbe zinazosubiri habari, na takataka ambazo baadhi ya watengenezaji huweka na kuzuia zisifutwe. Sehemu nyingine hutengwa kabisa kwa ajili ya modemu na michoro, ndiyo maana simu ya gigabaiti 2 haionyeshi gigabaiti 2 kamili ukiichunguza. Katika simu ya aina hiyo, nusu ya meza imekwisha kujaa kabla mwenyewe hajagusa lolote.

Meza ikijaa, Linux haisimami ikasubiri. Android huchagua programu isiyotumika kwa wakati huo na kuiua. Kwa mtu anayesikiliza muziki hilo ni kero ndogo. Kwa mtu aliyekuwa katikati ya fomu, akaombwa apige picha, kamera ikafunguka na kuhitaji mamia ya megabaiti, madhara ni mengine. Anaporudi kwenye fomu huenda akaikuta imeanza upya, ikiwa aliyeiandika programu hakuweka utaratibu wa kuokoa kila hatua. Lawama huenda kwa mtandao, ilhali mtandao haukuhusika hata kidogo.

Hapa ndipo mashaka ya mhudumu wa afya yanapoingia. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwapa vifaa wahudumu 100,000 wa kuimarisha afya ya jamii kote nchini, zikiwemo simu zenye mfumo wa eCHIS. Kila mhudumu hupangiwa takriban nyumba 100. Mfumo huo umejengwa juu ya programu huria inayoruhusu kazi kuendelea bila mtandao, hivyo familia zote za eneo lake, wajawazito, watoto wanaosubiri chanjo na wagonjwa wa kufuatiliwa, hukaa ndani ya simu. Ni jambo la lazima katika maeneo kama miinuko ya Kuresoi, ambako vilima na misitu huziba mawimbi. Waundaji wa programu hiyo hushauri nyaraka katika simu ya mtumiaji mmoja zisizidi 10,000, si kwa sababu hazitaenea kwenye hifadhi, maana haziwezi kuzidi makumi ya megabaiti, bali kwa sababu kuzipanga na kuzitafuta huilemea RAM na kichakato. Simu ikijazwa video za WhatsApp na programu za mikopo, mgonjwa aliyestahili kutembelewa leo ndiye anayesubiri.

Ile 4GB ya pili

Kuna njia mbili za kurefusha meza bila kununua nyingine. Ya kwanza ni kubana. Linux huchukua kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaguswa kwa muda, huzikunja ndani ya RAM yenyewe na kuzikunjua zinapohitajika. Mbinu hiyo, iitwayo zram, ilitumiwa na Google mwaka 2013 katika Android 4.4, toleo lililolenga simu za megabaiti 512, na mwaka 2014 ikakubaliwa rasmi katika kiini cha Linux. Hugharimu nguvu kidogo za kichakato na betri, lakini husaidia kweli. Simu nyingi za bei nafuu huitumia bila kusema.

Ya pili ni ile ya Torvalds ya mwaka 1991, kuhamishia kurasa kwenye hifadhi. Hiyo ndiyo inayopigiwa tarumbeta kwenye maboksi. Si uongo mtupu, kwa maana programu inayosubiri inaweza kuegeshwa humo badala ya kuuawa. Hata hivyo hifadhi ya simu za bei nafuu ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, na kila kipande chake huweza kuandikwa kwa idadi ya mara yenye kikomo kabla ya kuchakaa. Kuitumia kama meza kila saa ni kuilia maisha. Isitoshe, gigabaiti hizo 4 zinakatwa kutoka kwenye zile 64 ambazo mnunuzi amekwisha kuzilipia. Muuzaji anayezijumlisha na kutangaza gigabaiti 8 za RAM anauza kitu kimoja mara mbili, na inafaa aambiwe hivyo dukani.

Kima cha chini kinachopanda

Aliyenunua kifaa chenye kumbukumbu ya kutosha kwa leo hana hakika ya kesho, kwa sababu kima cha chini huamuliwa mbali na Nakuru. Mnamo Desemba 2017 Google ilitoa Android Go, toleo jepesi kwa simu za megabaiti 512 hadi gigabaiti 1. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 2022, Android 13 ya Go iliweka gigabaiti 2 za RAM na 16 za hifadhi kuwa kiwango cha chini. Simu za gigabaiti 1 zilibaki na matoleo ya zamani, na programu mpya zikaanza kuzikataa moja baada ya nyingine.

Waliojaribu kukwepa mashindano hayo walijifunza kwa uchungu. KaiOS, mfumo mwingine uliojengwa juu ya Linux, uliweza kuendesha simu za vitufe zenye RAM ya megabaiti 256, zikiwa na intaneti na WhatsApp, na betri ya kudumu siku kadhaa. Kiufundi ilikuwa kazi ya kupongezwa. Lakini Juni 2024 WhatsApp iliondolewa kwenye duka la KaiOS, na kwa mnunuzi mpya simu hiyo ikapoteza sababu kuu ya kununuliwa. Kumbukumbu ilitosha, walioondoka ni waandishi wa programu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanaonunua kwa mkopo. Tangu Julai 2020, Safaricom ikishirikiana na Google ilipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo kwa malipo ya kuanzia Sh20 kwa siku, mikopo ya simu imeenea hadi vituo vidogo vya biashara, na kampuni nyingine zimeiga. Kifaa hufungwa kwa mbali malipo yakikosekana. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, kikaanza na simu mbili za 4G zilizouzwa Sh7,499 na Sh8,999, hatua iliyoshusha bei ya kuingia. Mwishoni mwa mwaka 2025, hata hivyo, bei ya chipu za kumbukumbu ilipanda kwa kasi duniani huku watengenezaji wakielekeza uzalishaji wao kwenye vituo vya tarakilishi za akili unde. Chipu inapopanda bei, mtengenezaji wa simu ya bei nafuu ana njia rahisi ya kuilinda faida yake: kupunguza RAM na kuongeza alama ya kujumlisha kwenye boksi.

Kiasi kinachofaa

Jibu basi hutegemea kazi. Kifaa chenye kazi moja, kama kile cha kupokea maziwa au kutoa risiti, kitaendelea vyema na megabaiti 512 ikiwa programu yake imeandikwa kwa uangalifu. Simu ya Android ya kupiga, M-Pesa na jumbe itavumilia gigabaiti 2, lakini hicho ndicho kiwango cha chini kabisa na anayekichagua ajue anaishi ukingoni. Mwenye kujaza fomu za kazi, kupiga picha na kufungua kurasa kwa zamu asishuke chini ya gigabaiti 3, na 4 za kweli zitampa nafasi ya kupumua kwa miaka kadhaa. Hifadhi ya gigabaiti 32 hujaa upesi kwa picha na video. 64 ni salama zaidi, na hifadhi isiachwe ijae hadi ukomo kwani simu nzima hupungua mwendo. Zaidi ya hapo, mahitaji ni ya wenye michezo mizito. Steam Deck, mashine ya Linux ya kuchezea iliyotoka mwaka 2022, ina gigabaiti 16, lakini hakuna mhudumu wa afya anayeihitaji kwa kutafuta jina la mgonjwa.

Kabla ya kulipa kianzio, mnunuzi ana haki ya kuwasha simu na kufungua sehemu ya mipangilio inayoeleza habari za kifaa. Humo RAM halisi huandikwa kando na ile iliyoongezwa, na nambari inayostahili kuaminiwa ni ya kwanza. Mwenye utaalamu kidogo anaweza kusoma faili ya Linux iitwayo /proc/meminfo, ambayo tangu mwaka 2014 hutoa mstari wa MemAvailable, kadirio la kumbukumbu inayoweza kutolewa kwa programu mpya bila kuhamisha chochote. Mstari huo ni wa maana kuliko ule wa kumbukumbu tupu, kwa sababu Linux kwa makusudi haiachi RAM ikae bure. Huijaza nakala za faili zilizosomwa karibuni ili zipatikane haraka, na kuziondoa papo hapo zinapotakiwa kupisha. Ndiyo sababu programu zinazodai kusafisha RAM kwa kubofya mara moja hazina faida kubwa. Huua kilichokuwa tayari, kisha simu hulazimika kukipakia upya, na betri ndiyo inayolipa.

Kinachoweza kuongezwa baadaye ni kadi ya kumbukumbu, ikiwa simu ina nafasi yake, na hiyo inafaa kwa picha, muziki na mahubiri yaliyorekodiwa. Kadi yenyewe inunuliwe kwa muuzaji anayejulikana, kwani kadi bandia huonyesha gigabaiti nyingi kuliko ilizo nazo na huharibu faili inapofika ukomo wake wa kweli. RAM haiongezwi. Chipu yake imelehemiwa ndani ya bodi ya simu, na kiasi kilichotoka nacho dukani ndicho kitakachokuwemo siku ya malipo ya mwisho.